Ukiulizwa "uso umefanyaje?" huwa unajibu nini? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari zenu. Mimi nina baka jekundu la kuzaliwa, limeanzia kwenye kope la kushoto likashuka mpaka kidevuni, yaani nusu uso. Miaka mingi nilikuwa nakaa upande wa ukutani ili watu waone shavu lile lingine. Siku hizi nakaa popote ila hilo swali bado linanikuta nimezubaa, mara nidanganye niliungua, mara nicheke tu kama sijasikia. Nyie wenye makovu, mabaka, mdomo sungura, mnajibuje? Na wa kuniambia nijipake fandesheni nimeshapaka sana, jasho likitoka inashuka na siri zote.

#2
Kovu la maji ya moto hapa, shavu na shingo. Najibu maneno matatu, "niliungua nikiwa mdogo", halafu hapohapo namuuliza yeye kitu. Ukijibu ukanyamaza umekwisha, atachimba, ooh iliuma? mama alikuwa wapi? Hilo la mama silijibu aulize nani, maana yeye amelilia hili kovu kuliko mimi.

#3
Mimi vitiligo, yaani mabaka meupe kwenye ngozi, na watu wangu hawaulizi, wanarudisha mkono. Kuna mmoja nimenyoosha mkono kusalimia akanipa kiwiko. Sasa nawahi kusema mwenyewe: haiambukizi, ni kinga ya mwili wangu inashambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, basi. Ingekuwa inaambukiza mume wangu angeshakuwa pundamilia, tunalala kitanda kimoja mwaka wa 11 huu. Michael Jackson walimwita mjichubuaji mpaka 1993 akamwambia Oprah kwenye tivii kwamba ni ugonjwa wa ngozi, na bado kuna waliobisha. Siku ya vitiligo duniani ni 25 Juni, tarehe aliyofariki.

#4
#3 hapo kwenye kuwahi kujieleza tunatofautiana dada yangu. Nilizaliwa na mdomo sungura, nikashonwa, mshono unaonekana na pua imelalia upande. Mtu mzima nisiyemjua akiniuliza kwenye foleni namwambia "nimezaliwa hivi, na wewe?" anabaki anajishika pua yake. Watoto ndo nawajibu vizuri. Juzi mmoja kauliza kwa sauti, mama yake anamfinya kwa chini, nikamwambia mwache. Nikamweleza mdomo ulisahau kufungana nikiwa tumboni, daktari akaushona. Akasogea karibu kabisa akaukagua, akasema "kashona vizuri", akarudi kwa mdoli wake. Mama bado kainamisha kichwa.

#5
Neva ya uso iligoma ghafla, asubuhi napiga mswaki maji yanamwagika upande mmoja. Wengi hupona, kwangu ikabaki kidogo. Kazi mpya siku ya kwanza nilitangaza kabisa: nikicheka unacheka upande wa kushoto tu, wa kulia msidhani umenuna. Wakacheka, ikaisha hiyo.
Ila picha za kundi bado nazikwepa, nisiwadanganye.

#1
Nimerudi. Leo nimejaribu ya #2, jamaa kwenye lifti kanikodolea macho wee, mwishowe kauliza. Nikamwambia "nimezaliwa nalo, hivi hii inapanda?" Akasema inashuka. Mimi nilikuwa napanda, ila tukashuka wote tunapiga stori za mpira.