Jumuiyani tunasoma, tunahubiriana, tunasahau. Tufanyeje?

Mwanajumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo tunatafakari Injili ya Dominika ijayo. Mmoja anasoma mbiombio, kisha wazee wawili wanahubiri mpaka muda wa michango. Kesho yake ukiuliza somo lilihusu nini, watu wanatazamana. Tunataka kulisikiliza Neno litupe hekima ya kuishi. Tuanzie wapi?

Katekista
Milele amina. Tumieni hatua saba za kushirikishana Injili, zile za Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wengi wanazijua kwa jina, ila ya tatu na ya nne wanaziruka, na kusikiliza kwenyewe kumo humo.

Mmoja anamkaribisha Bwana, mwingine anasoma. Kisha, hatua ya tatu, kila aliyeguswa anatamka kifungu kifupi cha somo mara tatu, taratibu, akinyamaza kidogo kila mara. Kifupi maana yake maneno mawili hadi sita. Ukitamka mstari mzima wenzako wataanza kuufukuzia kwenye Biblia. Usieleze kwa nini umekichagua. Wakimaliza, somo lisomwe tena lote.

Hatua ya nne ni kimya, dakika 3 kwa kuanzia, 5 mkizoea. Kiongozi atangaze muda mapema, la sivyo kuna mtu ataanzisha pambio. Ya tano ni kushirikishana, na kila mtu aseme "mimi". Akianza "sisi Wakristo tunapaswa", mahubiri yamesharudi. Hakuna kumjibu mwenzako wala kumsahihisha. Ya sita, amueni jambo moja: nani atafanya nini, lini. Ya saba ni sala. Michango ije baada ya sala, maana ikiingia kwenye hatua ya sita inaimeza yote.

Msomaji wa zamu
Naongezea upande wa msomaji. Apewe somo siku mbili kabla, alisome nyumbani kwa sauti, si kwa macho tu. Penye nukta ahesabu moja, mbili kimoyomoyo. Wengi sauti inawashuka mwisho wa sentensi, kumbe mara nyingi neno zito liko hapo.

Somo likirudiwa, wote wafunge Biblia. Huyu ana tafsiri ya Union Version, yule ana ya Habari Njema, basi macho yanalinganisha maneno na masikio yanalala.

Kazi kubwa zaidi ni habari tunazodhani tunazijua. Chukueni Bartimayo, Marko 10:46-52. Watu husikia "kipofu kaponywa", wakafunga hesabu. Waulize ni nini hasa kimesomwa. Alitupa vazi lake kabla hajaona. Luka 18, inayosimulia uponyaji kama huo, haitaji vazi wala jina. Na Yesu anamuuliza kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" Umati wote ungedhani unalijua jibu, lakini yeye aliuliza. Kaeni na swali hilo kabla ya kwenda kumtembelea mgonjwa.

Mama Usharika
Bwana Yesu asifiwe. Kwetu Walutheri hatua hizo si mazoea, ila kama mnatafuta hekima msiache Mithali. Kuanzia sura ya 10 misemo mingi inajitegemea, kwa hiyo sura nzima kwa mkupuo huchosha masikio. Chukueni mistari miwili au mitatu.

Jaribuni 26:4 na 26:5. Wa kwanza unakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, unaofuata unaagiza umjibu. Msikimbilie kuipatanisha. Sikilizeni sababu: kwanza, usije ukafanana naye, pili, asije akajiona ana hekima. Kwa hiyo kabla ya kufungua kinywa ujiulize ni nani aliye hatarini, wewe au yeye. Kila mtu achukue ugomvi anaoujua, bila kutaja majina (umbea hupenya hapa!), aseme mstari upi ungefaa. Wiki ijayo waanze kwa kueleza walivyoutumia. Bila kurudi huko, mistari inabaki mapambo.

Mwanajumuiya
Asanteni sana. Na wasiojua kusoma?

Katekista
Hawapungukiwi kitu, mara nyingi hao ndio wanaoshika zaidi. Chagueni somo la mistari 8 hadi 12. Baada ya kusomwa mara ya pili, mmoja wao alisimulie bila kitabu, wengine waongeze kilichosahaulika. Akikosea jina la mji, mwacheni amalize kwanza.