Mtoto ana kifuko cha maji kifuani tangu kuzaliwa, daktari anataka kupasua

Mama Nuru: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi mitano, tangu azaliwe anapumua kwa mlio, akinyonya anaachia ziwa anahema mpaka jasho linamtoka kwenye paji, tumetibiwa nimonia mara kibao, tukaambiwa pumu, nebulaiza wapi. Eksirei walisema iko safi. Juzi CT skani ndo imeonyesha kifuko kinabana njia ya hewa pale inapogawanyika kwenda kwenye mapafu. Bibi yake anauliza kwa nini wasivute tu hayo maji na sindano, mtoto mdogo hivi apasuliwe? Naombeni msaada, silali.

Nesi wa Wodi: Pole sana dada. Hicho kinaanza mimba ikiwa changa kabisa, njia za hewa zinapochipua, kwa hiyo si ulichokula wala ulichofanya, mtu asikubebeshe lawama. Kikikaa hapo kwenye panda kinajificha nyuma ya moyo, eksirei inaweza kukipita. Sindano ni ya dharura tu akibanwa sana, maana ukuta wa kifuko ukibaki unaendelea kutoa ute, kinajaa tena na kinaweza kufanya usaha. Mwambie bibi kwa upole tu.

Baba Junior: Wa kwangu vifuko vilikuwa ndani ya pafu lenyewe, vimejaa hewa. Tulikoanzia walidhani hewa imevuja nje ya pafu wakataka kumtoboa kifua waweke mrija, daktari mmoja akasema hapana, CT kwanza, Mungu ambariki yule. Wakaondoa sehemu moja ya pafu. Baada ya upasuaji ukimkuta ana mrija ubavuni unaingia kwenye chupa, maji yamechanganyika na damu kidogo, usishtuke, ni kawaida siku za mwanzo. Sasa hivi anakimbia na wenzake huwezi kujua.

Mama Nuru: Asanteni jamani. Na hiyo nusu kaputi kwa mtoto anayehema hivi?

Nesi wa Wodi: Hapo ndo pa kuuliza sana. Akishalazwa usingizi njia ya hewa inaweza kubana zaidi, ulizia kama kuna daktari wa usingizi aliyezoea watoto wachanga na ICU yenye mashine ya kupumulia. Kama hamna ombeni rufaa, hospitali za Muhimbili na Bugando wapo mabingwa wa upasuaji wa watoto. Na ukiona midomo inageuka bluu au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, usingoje tarehe, nenda emajensi na ile CT mkononi hata kama ni usiku.