Naomba ushauri: Eileen Chang baada ya kuhama China

Wakuu, naandika tasnifu kuhusu Eileen Chang, mwandishi mzaliwa wa Shanghai aliyehamia Hong Kong mwaka 1952, kisha Marekani 1955. Hadithi aliyoitoa kwa Kichina mwaka 1943, ya binti aliyeozwa kwa mume mgonjwa katika ukoo tajiri, aliirudia ughaibuni hadi ikawa riwaya ya Kiingereza, The Rouge of the North, 1967. Yuko Marekani, bado anaandika Shanghai ileile! Msimamizi wangu anasema ni kukumbuka kwao tu. Mimi naona yule binti, ambaye katika hadithi ya kwanza anageuka mama katili, kwenye riwaya amepunguzwa makali, kana kwamba anaelezwa kwa wageni. Nilinganishe matini hizo mbili, au nianzie maisha yake? Kichina sijui, ila ile ya kwanza aliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Itatosha?