Nimepeleka Datsun 240Z kupigwa rangi, limerudi halina taa za rivasi, gereji inaniambia "kitu kidogo hicho bosi"

Wakuu, nimechoka. Mtanisamehe lugha, lakini uzi huu nataka ubaki hapa ili mwenye gari la zamani anayefikiria kulipeleka kwenye bodi na rangi ausome kabla hajakabidhi funguo. Jina la gereji silitaji kwa sasa, naomba msinisumbue PM kwa hilo.

Gari ni Datsun 240Z, usukani kulia, injini ya L24 silinda sita. Vijana mnaoliita "kigari cha mzee", hili ndilo lililochukua mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudi kuchukua tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka huo wa 1973 Mehta alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, naye kwenye Datsun, ikabidi waangaliwe nani kaenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Enzi hizo Safari ilikuwa inakatiza mpaka huku kwetu. Kwa hiyo mtu akiniambia "gari la mwaka 47 unataka taa za rivasi za nini", na nimeambiwa hivyo hivyo, mbele ya vijana wake, wakicheka, aelewe kwa nini nilipandisha sauti.

Turudi kwenye taa. Kwenye 240Z taa ya rivasi haijitegemei. Imo ndani ya taa kubwa ya nyuma, kioo kimoja kina kipande chekundu, kipande cha indiketa na kipande cheupe cha rivasi. Baadaye kwenye 260Z na 280Z za soko la Marekani, kiwanda kiliitoa rivasi humo ndani na kuihamishia kwenye paneli ya nyuma, ikawa taa ndogo ya peke yake. Maana yake taa kubwa ya hayo magari ya baadaye haina kipande cheupe, haikihitaji. Ukiitazama juujuu inafanana na ya 240Z, na kwenye nafasi yake inaingia. Sasa ukiichukua taa ya 280Z ukaifunga kwenye 240Z, ambalo paneli yake haina hizo taa ndogo, unapata gari lisilo na rivasi kabisa.

Ndicho nilichofungiwa.

Siku nakwenda kulichukua, rangi nzuri sijakataa. Waliinyoosha vizuri na puti haionekani. Nikazunguka nyuma, naona taa zinang'aa kupita kiasi. Za kwangu zilikuwa na ule ukungu wa miaka, na ya kushoto ilikuwa na ufa mdogo pembeni ambao naufahamu kama kovu langu. Hizi hazina ufa. Nikainama, natafuta kipande cheupe, hakuna. Nikamuuliza fundi mkuu, taa zangu ziko wapi? Akanijibu bila hata kuniangalia, "Bosi, hizo ndizo zenyewe, tumezisafisha."

Kusafisha kumeondoa ufa? Kumeondoa na rangi nyeupe?

Nilipomwonyesha picha za siku nalikabidhi (pigeni picha wakuu, pigeni kila upande, na ndani, na chini), ndipo hadithi zikaanza. Kwanza zilivunjika wakati wa kufungua. Nikasema sawa, nipe vipande. Vipande vimetupwa. Halafu kijana aliyezifungua ameacha kazi. Halafu ameacha kazi ila zipo stoo, mwenye ufunguo wa stoo kasafiri. Njoo Jumatatu. Jumatatu njoo Alhamisi. Mimi sisemi wameziuza. Ila taa za asili za 240Z zina wanunuzi duniani kote, watu wanaorudisha haya magari kwenye hali ya kiwandani wanazisaka usiku na mchana, na fundi anayejua kwamba za 280Z zinaingia hapo si fundi asiyejua thamani ya alichofungua. Malizeni wenyewe.

Nikakomaa. Nikamwambia gari halitoki hapa bila taa za rivasi. Akasema niende nikanywe chai, wananifungia. Nimerudi nakuta wamening'iniza chini ya bampa vitaa viwili vya duara, vile vya kufunga kwenye pikipiki, na ndani chini ya dashibodi wametoboa, WAMETOBOA, wakaweka swichi ya kubonyeza. "Ukitaka kurudi nyuma unawasha, ukimaliza unazima, simpo."

Wakuu, taa ya rivasi haiwashwi kwa mkono kama feni. Inawaka kwa sababu umeingiza gia ya rivasi, na inazima umeitoa. Hata Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufungaji wa taa kwenye magari inataka iwe hivyo. Sababu haihitaji shule: mwanga mweupe nyuma ya gari unamwambia aliyeko nyuma yako kwamba unamrudia. Ukisahau kuzima, unaendesha mbele huku unadanganya barabara nzima. Na utasahau tu, maana akili iko kwenye usukani. Mimi yalinikuta usiku uleule narudi nyumbani, lori nyuma yangu linanipigia full kila dakika, najiuliza huyu ana shida gani.

Na hiyo swichi wameichukulia umeme moja kwa moja kwenye betri. Hakuna fyuzi. Waya mwembamba umepitishwa chini ya zulia, umekatiza kwenye ukingo wa bati, umefungwa solotepu. Wenye 240Z mnajua kisanduku cha fyuzi cha haya magari kinavyopata moto mpaka plastiki inayeyuka, hata ukikitunza. Sasa huyu kaniongezea waya usio na ulinzi wowote juu ya tangi la mafuta. Nashukuru Mungu niliukata mwenyewe kesho yake.

Nimelipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme, wa zamani, ambaye anafanya kazi na testa na miwani iliyofungwa uzi. Huyu hakusema neno mpaka alipomaliza kuangalia. Nayaandika aliyoyafanya kwa sababu yatamsaidia mwenye tatizo kama langu.

Alianzia kwenye giaboksi, hakuanzia kwenye taa. Pembeni ya giaboksi kuna swichi ndogo iliyofungwa kama boliti, ina nyaya mbili. Ukiingiza rivasi, kijiti cha ndani kinasukumwa, zile nyaya mbili zinaungana, umeme unaenda nyuma. Akakuta kiungio kimechomolewa na kinaning'inia, kimejaa kutu na grisi. Akafungua switi ya gari bila kuwasha injini, akaziunganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya, kisha akaniambia niende nyuma na testa. Kule nyuma, ndani ya boneti la nyuma, nyuma ya ile karatasi ngumu ya kufunikia, nikakuta nyaya za rivasi zimekatwa na koleo, zimekunjwa, zimefungwa solotepu nyeusi mpya. Nimezichuna, nikagusa testa, ikawaka.

Yaani njia ya umeme nzima ilikuwa hai. Swichi ya giaboksi nzima, alisafisha tu kiungio na kuipima. Nyaya za kiwandani nzima. Balbu mbili za wati 21 zinavuta kama ampea 3.5 zote pamoja, waya wa asili unazimudu bila kujisumbua. Kisichokuwepo ni taa zenyewe. Wao wakakata waya mzima, wakapitisha mbovu, ili kuficha kwamba wamenipora taa.

Kuna na hili, wengi linawatesa baada ya kupiga rangi na hawajui. Taa za nyuma zinapata hasi kupitia bati la gari. Jamaa wamepuliza rangi mpaka kwenye matundu ya skrubu na sehemu ambapo hasi inagusa bati, hawakuziba chochote. Rangi haipitishi umeme. Ndiyo maana indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka kwa kusitasita na taa ya breki inafifia ukiwasha taa za usiku. Mzee alikwangua sehemu ndogo mpaka bati likang'aa, akapaka grisi kidogo, akafunga, ikatulia. Na kwenye mojawapo ya soketi walikuwa wamelazimisha balbu ya nyuzi mbili kwenye soketi ya uzi mmoja. Vile vipini viwili pembeni ya balbu havipo usawa mmoja, kwa hiyo mtu ameikandamiza mpaka soketi imetanuka. Kwa nguvu! Kama anafunga kizibo cha chupa.

Nimewaandikia barua, nimeambatanisha picha za kabla na za baada, na maelezo ya mzee. Nataka taa zangu au jozi nyingine ya 240Z yenye kipande cheupe, nyaya zirudishwe kama zilivyokuwa, na lile tundu la dashibodi lizibwe na mtu anayejua kuziba. Wamejibu kwa simu kwamba mimi ni msumbufu na rangi wamenifanyia kwa bei ya kirafiki. Bei ya kirafiki haina ruhusa ya kubaki na vitu vya watu. Wasipotoa wiki hii naenda polisi.

NYONGEZA: Kwa wanaosema "mkuu gari lina taa za breki, rivasi ya nini". Njoo ukae kwenye 240Z. Unakaa chini karibu na lami, kioo cha nyuma kimelala, usiku ukitoka kwa kurudi nyuma kwenye uchochoro huoni chochote isipokuwa kile kinachomulikwa na hizo taa. Na watoto wa jirani yangu wanacheza hapohapo.

NYONGEZA 2: Mdau aliyeuliza kama anaweza kutumia taa za 280Z na kufunga zile ndogo za rivasi kwenye paneli. Inawezekana, ila ni kutoboa paneli ya 240Z, na mimi sitoboi tena kitu kwenye gari hili.

Mwenye jozi ya taa za nyuma za 240Z, au hata moja ya kushoto, hata yenye ufa, anicheki PM aje na bei. Iwe na kipande cheupe, tuma picha nione kabla hatujaongea. Wauzaji wa LED za bodaboda msinitumie chochote.