Tupeane uzoefu: walimu mlipoletewa mbinu mpya ya kufundishia, nini kilishika na nini kiliishia semina?

Wadau habari zenu. Nafundisha msingi hapa Arusha, vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) haviishi kutajwa mbinu za nje, mara Japani mara India, ila hatuambiwi walimu wa huko waliipokeaje. Mliopitia tiririkeni. Ninachojua Wajapani hawategemei semina, walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa pembeni wanaangalia watoto, kisha wanalichambua. Zambia waliianza njia hiyo 2005 Mkoa wa Kati kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, ndo ikasambaa.

Mwl wa Moshi Vijijini: Mkuu hiyo tumeifanya, somo la sehemu darasa la nne. Mwenzetu anafundisha vizuri kabisa, darasa linaitikia "ndiyooo", kumbe binti mmoja dawati la nyuma kakunja karatasi mara nne kaandika robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu 4 inaizidi 2. Aliyeko ubaoni hawezi kuona hilo, mimi niliyekaa pale ndo nimeona. Kesho yake tukaanza na kukunja karatasi kabla ya kuandika namba yoyote. Tangu hapo hakuna aliyetulazimisha, tunaitana wenyewe.

Kaka wa Njiro: Mimi nimefundisha sekondari Kenya, Kajiado. Wao walikuwa na SMASSE tangu 1998, mradi wa mafunzo kwa walimu wa hisabati na sayansi, walianza wilaya 9. Wakongwe walikuwa wanasema mwanzoni kelele zilikuwa za posho tu. Kilichowabadilisha ni kutumia vitu vya karibu, nilikuta mama mmoja kapanga ndimu, misumari na waya wa shaba anafundisha umeme, maabara yenyewe haina kitu na wanafunzi wamemzunguka hawataki kutoka.

Dada Tengeru: Ya India ni ile ya Pratham, shirika la elimu la huko, unapanga watoto kwa uwezo wao wa kusoma sio kwa darasa, kipindi kimoja kila siku. Inafanya kazi jamani, watoto wanaokwama kwenye silabi wanasogea. Shida ni wazazi, "kwanini mwanangu wa la tano anakaa na wa la tatu?" Itisheni kikao cha wazazi KABLA, na muwasomeshe watoto mbele yao. Ila kwetu madarasa hayatoshi tunaingia kwa zamu mbili, aliyeweza kuipanga kwenye ratiba ya namna hiyo anielekeze tafadhali, muhula unaanza.