Mama anakuja Madurai kutibiwa macho: hekalu la Meenakshi na malazi

Wapendwa, salaam.
Mama anatoka Tanga mwezi ujao kuja kutolewa mtoto wa jicho pale hospitali ya macho ya Aravind, Madurai, kusini mwa India. Mimi niko Chennai, nitampokea. Tutakuwa na siku moja kabla ya upasuaji, naye ameshasema anataka kuliona lile hekalu la minara. Ni Mwislamu, mtu wa buibui. Ataingia? Na tulale wapi?
Rehema

---

Rehema mdogo wangu, mpe mama shikamoo yangu.

Anza na malazi, hekalu halihami. Gesti za bei poa karibu na stesheni nyingi zitakwambia pamejaa zikiona pasipoti. Si lazima iwe ubaguzi: mgeni wa kutoka nje huandikishwa serikalini ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kama Fomu C, na wenye gesti ndogo hawaitaki kazi hiyo. Piga simu mapema, uliza hilo tu.

Hekaluni nendeni jioni. Mchana hufungwa, kama saa sita na nusu hadi saa kumi, na mawe yakishashika jua hayakanyagiki pekupeku. Viatu mnaacha nje. Simu pia, tangu ule moto wa Februari 2018 karibu na lango la mashariki. Basi kubalianeni kabisa mtakutana wapi mkipotezana, maana malango makuu ni manne na mgeni hayatofautishi. Minara yote ni 14, wa kusini ndio mrefu, kama mita 52, na sanamu zake zina rangi utadhani duka zima la kanga limetundikwa ukutani.

Kuhusu mavazi, wanaorudishwa ni wenye kaptula na mabega wazi. Mama atatembea ukumbini na kwenye bwawa, ila vyumba vya ndani kabisa, alipo mungu wa kike Meenakshi na mumewe Sundareswarar (ndiye mungu Shiva), ni vya Wahindu tu. Asiumie. Wahindu wenyewe wa tabaka la chini walizuiwa mlangoni hapo hadi Julai 1939, mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza. Ukumbi wa nguzo elfu, wa mwaka 1569, una nguzo 985. Mimi mwenyewe sijaona aliyelalamika kupunjwa.

Mama akiwa na nguvu, kaeni hadi saa tatu usiku. Shiva hubebwa kwa machela, ngoma na zumari vikilia, kupelekwa kulala kwa mkewe. Hilo kwangu linazidi minara yote.
Mama Neema, Madurai

---

Mama Neema kamaliza, naongeza tumbo na sala. Msikiti wa Kazimar uko karibu na stendi ya mabasi ya Periyar, ila ulizeni kwanza kama wanawake wana pa kuswali. Parotta ya hapa ni chapati ya tabaka tabaka, inaliwa na mchuzi wa nyama. Jigarthanda ni maziwa baridi yenye aiskrimu juu. Kama ana sukari, mpitishe mbali.

Kihindi cha sinema usikitegemee, hapa ni Kitamil. Bajaji patana bei kabla hujapanda.

Toka Chennai kwa treni ya usiku, Pandian Express, inaanzia stesheni ya Egmore. Mkatie mama kitanda cha chini, na ukate mapema, hasa kama safari yenu itaangukia Aprili au Mei, wakati wa sikukuu ya Chithirai. Mji mzima hujaa.
Baba Salim, Coimbatore