Tupeane uzoefu: onyesho la Krismasi lililokugeuza wewe mwenyewe

Kofia ya Pama (Kampala)

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Juzi nilikaa na binti yangu tukaangalia ile filamu ya televisheni ya Dolly Parton ya mwaka 2022. Kisa chenyewe: mwimbaji wa kantri anaandaa onyesho la Krismasi kwenye bustani yake ya burudani, Dollywood, kule Tennessee, Marekani, na katikati ya pilikapilika za taa na kamera anakumbushwa Krismasi ilikuwa nini kabla hajawa mtu mkubwa. Binti akaniuliza, "Baba, hii si kama yako ya Masaka?" Nikacheka, lakini usingizi haukuja.

Basi nieleze ya Masaka, mji ulio kusini-magharibi mwa Kampala, na nyie mlete zenu.

Mimi naimba kantri hotelini, mwaka wa 14 sasa. Nimelelewa na kaseti za marehemu baba: Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, mimi sijazaliwa wala baba hajaoa, lakini kila Desemba sauti yake ilisikika kijijini kama ya jirani aliyerudi kutoka Kampala.

Mwaka ule nikasema naandaa onyesho langu mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nikakodi kiwanja, nikakizungushia mabati. Kiingilio shilingi 30,000, meza ya mbele 200,000. Mdhamini (jina kapuni) akajitoa zimebaki siku tisa, nikakopa. Na nilitaka theluji. Ndiyo, theluji, ukishavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe! Nilinunua pamba ya hospitali maboksi manne tukaibandika kwenye matawi ya msonobari. Bendi nzima kofia za pama na buti. Wimbo wa Kiganda sikuweka hata mmoja, niliona utaniharibia sura.

Alhamisi usiku tukajaribu taa. Dakika kumi hazikuisha. Senene, wale panzi wa kuliwa! Walikuwa wa mwisho mwisho wa msimu. Walianza mmoja mmoja, wakigonga mabati ti, ti, ti, kisha wakamwagika kama mvua. Pamba yangu ikageuka kijani. Mpiga besi akafumba mdomo, akaendelea kupiga. Nyuma ya senene wakaja watu, maana Masaka taa kali na mabati ni kitu kimoja tu. Wenye mitego husimamisha bati, chini wanaweka pipa, juu taa. Senene anagonga bati anateleza ndani. Mimi nilikuwa nimejenga mtego mkubwa kuliko wote na sijui.

Wakaingia na ndoo, sufuria, vyandarua, watoto na kaveera (mifuko ya plastiki). Mlinzi akanishika mkono: "Bosi, nifukuze?" Mbele yangu kasimama mama mmoja, jjajja (bibi) kabisa, beseni limeshajaa. Akaniambia kwa kile Kiswahili cha kambi za jeshi: "Kijana, wewe nawasha taa, halafu nauliza nani iko nakuja?" Akanivua kofia kichwani, akaanza kujazia senene humo.

Nikashika gitaa kwa kukosa la kufanya. Nikaanza na za Kimarekani, hakuna aliyegeuka. Nikaingiza wimbo mmoja wa Kiganda tuliofundishwa shule ya Jumapili. Wakaitikia kiwanja kizima, wameinama, mikono haisimami. Nilikuwa sijasikia kuitikia kwa namna ile tangu mama yangu, mkesha wa Krismasi, akimenya matooke (ndizi za kupika) gizani na shangazi zangu, kila mmoja na kisu chake, hakuna anayemtazama mwenzake.

Jumamosi walilipa watu 71. Saa mbili na nusu usiku nikaamuru geti lifunguliwe.

Leteni zenu.

Fundi Mitambo (Kampala)

Yangu ni fupi. Mkesha wa Krismasi, kanisa moja la mlimani, mimi nipo kwenye mashine ya kuchanganya sauti. Umeme ukakatika katikati ya wimbo wa Krismasi wa mwanamuziki wetu Philly Lutaaya. Jenereta ina mafuta, betri imekufa. Kwaya ikasita nusu mstari, viti vya nyuma vikaudaka wimbo vikaendelea nao. Nani hajui nyimbo za Lutaaya?

Kwa vijana: huyu ndiye Mganda maarufu wa kwanza kusimama hadharani, mwaka 1989, akasema ana virusi vya UKIMWI. Akafa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, siku kumi kabla ya Krismasi. Kwetu tulimzika baba mdogo mwaka uliofuata, ugonjwa uleule, na nyumba nzima tulikuwa tunausema kwa kunong'ona. Kwa hiyo watu wa rika langu wakiimba zile nyimba gizani, wanaimba na mengine.

Umeme uliporudi sikupandisha sauti. Mchungaji alinitazama mara mbili. Nikajifanya nakaza waya.

Bin Bombo

Mimi Muislamu, Mnubi wa Bombo, Krismasi kwangu ni siku ya kazi: lori langu hubeba spika. Lakini mkumbuke Waganda wanaiita Ssekukkulu, na hilo ni neno letu la Kiswahili, sikukuu, wamelivalisha kanzu tu 😄

Na kabla sijawasha lori, tangu alfajiri niko uani kwa majirani na kisu. Kuku wa Krismasi mtaani kwetu nawachinja mimi, kama alivyofanya baba, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mwaka mmoja nilikubali kazi ya onyesho la mbali nikaondoka usiku wa tarehe 24. Niliporudi mama jirani hakunisemesha siku tatu. Kuku wake walikuwa bado wanatembea uani. Aliwapikia wageni maharage, mimi sipo, na hakutaka kumtafuta mwingine. Tangu hapo sipokei kazi ya asubuhi ile hata ukinipa milioni. Napewa luwombo yangu (kitoweo kilichopikwa ndani ya jani la mgomba), na siku ya Idd sinia la pilau linavuka ukuta kwenda kwake.

Mkiga wa Basi

Mnaongea maana ya Krismasi hapa, hakuna anayetaja nauli ya Kabale tarehe 23! Inapanda mara mbili, unasafiri umekalia gunia la mtu. Krismasi yangu naikuta nikishushwa.

@Kofia ya Pama hebu sema kweli, ulipoteza ngapi?

Kofia ya Pama

Milioni nne na ushee. Mkopo niliumaliza Agosti. Anayetaka kuniambia ilikuwa "baraka" asinijibu, tafadhali.

Mwalimu wa Nebbi

Jamani, kantri ni muziki wa watu wa shamba, sisi tumeugeuza wa meza za mbele. Dolly ni wa nne kati ya watoto 12, na baba yake alimlipa daktari aliyemzalisha mama kwa gunia la unga wa mahindi. Niliwasimulia wanafunzi wangu tukiandaa tamasha la kufunga mwaka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, unga wa posho?" (Posho ndiyo ugali wetu.) Wa posho. Darasa zima likamkubali Dolly hapohapo.

Tamasha lenyewe nililipangia gitaa la kukodi kutoka Gulu. Saa saba mchana, wazazi wameshakaa chini ya mwembe, gitaa lipo kwenye basi lililoharibika njiani, na mimi nimevaa shati la kikauboi la mikanda mikanda kama chizi. Vijana wa darasa la saba hawakuniuliza. Walikwenda nyumbani wakarudi na adungu tatu (vinubi vya Waalur, watu wa Nebbi), ile kubwa ya besi wameibeba wawili. Wakatafuta sauti kama robo saa, wanakaza vigingi, wanategea sikio, wazazi wanatoa maoni. Kisha wimbo wangu wa Tennessee ukatoka na mwendo wa Kialur, na akina mama wakasimama kucheza kabla hatujafika kiitikio. Kijana Yosefu, mchunga mifugo wa maigizo yetu ya Krismasi, akawafuata, ameacha mbuzi peke yake. Mbuzi alikula nyasi za horini mpaka tukamaliza.

Gitaa lilifika jioni. Nililipia siku nzima.

Fundi Mitambo

@Mwalimu shati la mikanda mikanda 😂😂 picha tafadhali.

@Kofia ya Pama, na ile kofia uliyovuliwa je, jjajja aliirudisha?

Kofia ya Pama

Aliirudisha Jumamosi, kaja nayo getini, ndani kaweka senene wa kukaanga wamefunikwa na jani la mgomba. Nimeifua mara mbili. Nikiivaa jukwaani jasho likianza tu, mpiga besi ananisogelea kunusa.